Mzigo wa Kuni Mbichi

Hadithi zetu humfanya fisi kuwa mjinga. Nadhani waliozitunga hawakuwahi kuchunga mbuzi kijijini kwetu Busi. Mimi nimechunga, na fisi niliyemjua alilizunguka zizi la baba siku tatu kabla hajagusa kitu, akipima mbwa yupi mvivu na wapi miiba imelegea. Akishtukiwa aliondoka bila aibu. Hakuwahi kukubali kufa kwa ajili ya mbuzi mmoja.

Ndiyo maana siwezi kuvumilia zimwi mjinga. Kila Jumamosi mchana, nikishafunga duka langu la vifaa vya ujenzi hapa Chang'ombe, Dodoma, tunakaa watu wanne kwenye chumba cha nyuma kucheza mchezo wa mezani wa kuigiza. Wenzangu watatu kila mmoja ana shujaa wake, anayemsemea na kumwamulia. Mimi ndiye mwendeshaji: naeleza nchi wanayopita, na naongoza kila kiumbe kinachotaka kuwala. Yasiyo na uhakika huamuliwa na dadu. Mazimwi yangu ni vizibo vya soda, na ramani naichora nyuma ya kalenda za zamani.

Nimewahi kucheza kwa waendeshaji wengine nikarudi nyumbani nimenuna. Mazimwi wao walikuja mmoja mmoja kupigwa panga, kana kwamba wamepanga foleni ya maji. Kiumbe mwenye akili ya kujenga ngome atashindwaje kukimbia? Kwangu zimwi anataka kuishi. Humtafuta kwanza mganga wa kikosi, kwa sababu kumjeruhi mtu anayetibiwa kila mara ni kazi bure. Huzima taa. Huchagua mwenyewe mahali pa kupigania, na akiona maji yamezidi unga anatoroka, kisha anarudi na ndugu zake. Wachezaji wangu walilalamika mwezi wa kwanza. Baada ya hapo hawakutaka mchezo mwingine.

Wawili kati yao ni vijana wa chuo kikuu. Wa tatu ni dada mmoja, katibu muhtasi wa wizara, aliyehamishiwa Dodoma kutoka Tanga bila kumjua mtu. Alikuja dukani kununua kitasa, akaiona ramani, akauliza maswali mpaka nikamkaribisha. Shujaa wake alikuwa mwanamke mpiga upinde, na alimlea miaka miwili. Karatasi yenye sifa zake aliitia kwenye plastiki isichakae. Tangu mwanzo aliniambia wazi, "Kaka, huyu akifa mimi sirudi hapa." Nilimjibu kwamba sitamuua kwa chuki, wala sitamwokoa kwa huruma. Nilidhani tumeelewana.

Jumamosi ninayoikumbuka, kikosi chao kilikuwa kinawafuatia mazimwi watatu kwenye vilima vya mawe. Mazimwi wengine wote walishamalizwa na upinde wa yule dada. Nikajiuliza swali ninalojiuliza siku zote: ningekuwa mimi, ningefanyaje? Upinde ule usingeshindwa kwa mbio wala kwa nguvu. Ilibidi mwenyewe auweke chini.

Basi njiani wakamkuta bibi kizee amekaa kando ya mzigo wa kuni. Kwa haki, niliongeza mambo mawili: kwamba kuni zilikuwa mbichi, na kwamba kwenye vumbi hapakuwa na nyayo za kuja wala za kwenda. Kisha nikakohoa kikohozi cha kizee, nikangoja waulize.

Hakuna aliyeuliza habari za nyayo.

"Shikamoo bibi," alisema yule dada, na vijana wawili wakafuatia kama wako darasani.

"Marahaba wajukuu zangu. Mgongo huu, jamani!"

"Pole bibi. Lete nikupokee."

"Kwa mkono mmoja?" nilimuuliza, safari hii kwa sauti yangu.

"Kaka na wewe! Mzigo wa mtu mzima unapokewa kwa mkono mmoja? Naweka upinde chini, napokea kwa mikono miwili."

Nikaweka vizibo viwili juu ya mawe yaliyo nyuma yake. Cha tatu kilikuwa bibi mwenyewe. Tulirusha dadu, na hata moja haikumhurumia. Vijana walipigana vizuri wakatoka hai. Mpiga upinde hakutoka.

Dada hakupiga kelele. Alisema, "Umetumia malezi ya mama yangu kuniua," akachukua mkoba wake akaondoka.

Sikuomba radhi, na hata leo siombi. Katika mashambulizi yote niliyopanga, lile ndilo ninalojivunia zaidi. Lakini niliumia. Jumamosi mbili tulicheza bila yeye, na kiti chake kikawa cha kuwekea mabegi ya vijana. Mchezo ulipooza. Nilipanga mitego mizuri tu, ila hapakuwa na mtu wa kuitegua kwa hasira kama zake.

Jumamosi ya tatu aliingia, akasimama mlangoni.

"Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Ningempita bila kumsalimia, ingekuwaje?"

Nina daftari ambamo huandika mipango ya mazimwi kabla hatujakaa mezani, ili nisishawishike kuibadilisha katikati ya mchezo. Nililifungua, nikamwonyesha mstari wa siku ile: Asipoweka upinde chini, tunakimbia. Hatumgusi.

Aliusoma mara mbili.

"Kwa hiyo ningekuwa sina adabu, angekuwa hai."

"Angekuwa hai."

Nilingoja matusi. Yeye akaondoa mabegi ya vijana kitini, akaketi, akavuta karatasi tupu na penseli.

"Basi afadhali kafa," alisema. "Na huyu mpya naye atasalimia."