Tarakimu Zilizohama Viti

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyenizeesha na bado ananifundisha.

Juzi, Kariakoo, nilikwenda na mjukuu wangu Zuhura kumnunulia kikokotoo kwa Mama Neema. Ili kukijaribu, nilibonyeza namba iliyochapwa mgongoni mwa kikokotoo hicho, 142857, nikazidisha kwa mbili. Kikaleta 285714. Kwa tatu, 428571. Tarakimu zilezile, zimehama viti tu. Kwa nne, kwa tano na kwa sita zikarudi tena, kama zinanizunguka. Nikakiweka chini taratibu, nikasoma Ayatul Kursi kwa sauti.

"Mama, hiki kina mtu ndani."

Wateja wawili wakarudisha vyao wakaondoka.

"Mzee wangu, utanifungia biashara," akanisihi Mama Neema.

Zuhura akachukua kalamu, akazidisha namba ileile kwa mkono juu ya boksi tupu. Zikatoka zilezile.

"Babu, namba yenyewe ndivyo ilivyo. Ngoja nizidishe kwa saba."

Akaandika 999999. Tisa sita zikanitazama. Watu walikuwa wameshajaa.

"Sasa mzee," akasema Mama Neema, "na boksi nalo utalisomea?"

Nawe msomaji, Mungu akujalie wa kukusahihisha kabla watu hawajajaa.