Chumba cha Bi Mkato

"Shangazi, kwani mlango wa chumba chenu cha kazi unafungwa kwa nje?" binti wa kaka yake alimuuliza, enzi hizo akiwa kibogoyo wa meno ya mbele. Shangazi alicheka, akamtuma dukani.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya mashine za kiwanda cha uchapaji, meza moja, viti viwili, dirisha hakuna. Humo Shangazi alisoma kwa sauti miswada ya vitabu vya sarufi ya Kiingereza, na mzee waliyemwita Miwani akafuatiliza kwa kalamu kurasa zilizotoka kuchapwa, kosa lisipenye. Kila alama ilitamkwa. Mkato, nukta, mkato tena, kutwa kucha. Alijua mkato unakaa wapi kama anavyojua chumvi ilipo jikoni kwake, lakini Kiingereza cha kuongea angekiongea na nani? Miwani alikuwa na maneno mawili tu, "endelea" na "rudia".

Ugonjwa ukamfuata mpaka nyumbani. Lete nyanya, mkato, na vitunguu, mkato, usizurure, nukta. Watoto hawakuwa na mbavu.

Ndipo ikatokea nafasi ya mapokezi. Kule mbele kulikuwa na dirisha pana, na wageni wa kuongea nao Kiingereza. Shangazi aliitaka kazi ile kufa na kupona. Akashona gauni, akafanya mazoezi mbele ya kioo mpaka kioo kikachoka.

Siku ya usaili meneja alimwambia ajieleze kwa Kiingereza. Akaanza bila kigugumizi: yuko hapo miaka mingi, mkato, kazi anaipenda, mkato, ila angependa sasa...

Hakujua kama anazitamka alama mpaka alipomwona karani mmoja kaziba mdomo. Meneja alicheka hadi akafuta machozi, kisha akasema bila ubaya wowote, "Bi Mkato, rudi kwa Miwani. Hatuna mwingine anayesoma kama wewe."

Miwani alimvutia kiti. "Endelea," akasema.

Miwani alistaafu, akaja mwingine. Mapokezi wakapita watu watatu, na kila tangazo la nafasi lilipobandikwa Shangazi alilisoma lote, akarudi zake chumba cha kazi, gauni lake likabaki kabatini.

Juzi, mvua ikinyesha, binti wa kaka yake, sasa yuko sekondari, alimpelekea mwavuli kazini. Akasimama mlangoni akikitazama kitasa.

"Haufungwi, mwanangu," Shangazi akamwambia. "Haujawahi kufungwa. Ungefungwa, ningepata wa kumlaumu."