Sheria kwa Saa za Kivuko

Sigrunn Havnerås alikuwa na miaka arobaini na moja, mume mmoja, binti mmoja, na kitabu kimoja chekundu kizito kama tofali. Kazi yake ilikuwa kupanga magari kwenye kivuko kinachokwenda na kurudi kati ya Tangenes na kisiwa cha Skarvøy, na kila aliyevuka hapo alimjua: mwanamke mrefu wa koti la njano, anayekuita kwa kidole na kukusimamisha kwa kiganja, na ole wako usahau kuvuta breki ya mkono. Wachache walijua kwamba mwanamke huyo anasomea sheria.

Alianza kwa hasira. Mwaka mmoja kampuni ilimfukuza kazi mwenzake kwa barua ya mistari minne. Sigrunn alikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kwa sababu tu hakuna mwingine aliyeutaka wadhifa huo, na aliikalia ile barua wiki mbili nzima, sheria ya kazi mkononi, mpaka mwenzake akarudishwa. Baada ya hapo hakutulia. Akajiandikisha chuo kikuu cha mjini kwa masomo ya nusu muda, na miaka saba ikakatika humo. Sasa ulibaki mtihani mmoja tu kabla ya tasnifu, ule wa sheria ya mali, nao ulikuwa umemwangusha mara mbili. Chuo kinakupa nafasi tatu. Ya nne haipo, hata ulie machozi ya damu.

Mara zile mbili alisoma kama wanavyosoma wengi wenye familia, yaani popote na wakati wowote. Kile kitabu chekundu, cha sheria za nchi, kilikaa mezani katikati ya viazi na samaki. Mumewe Oddgeir, seremala mwenye maneno machache, akiomba chumvi alipitishiwa kifungu. Sigrunn alisoma akipika, alisoma akianika nguo, na binti yake Tyra alimsikiliza kwa sikio moja. Saa alizosoma zilikuwa nyingi mno. Kilichobaki kichwani kilikuwa kidogo.

Kisha Tyra, wakati huo ana miaka minane, akarudi kutoka shule na mchoro wa familia. Baba alishika nyundo. Tyra mwenyewe alivaa taji. Mama alikuwa na viatu, koti la njano, na kitabu chekundu mahali pa uso.

"Uso wangu uko wapi?" Sigrunn akauliza.

"Upo. Uko nyuma ya kitabu," Tyra akasema. "Lakini ona viatu, mama. Viatu nimevipatia sana."

Oddgeir aligeukia sinki akaanza kusugua sufuria iliyokuwa safi. Sigrunn alikwenda kulia bafuni, akanawa, akarudi kusifia viatu. Kesho yake alikibeba kitabu mpaka kivukoni akakifungia kwenye kabati lake la kazini, na tangu siku hiyo hakikulala tena nyumbani. Tyra alikiulizia kama mbwa aliyehamishiwa kwa bibi.

"Kitabu kimeshindaje leo?"

"Kimeshinda vizuri. Kimekusalimia."

Kuvuka ni dakika ishirini na tano. Ukitoa za kufunga lango na za kujiandaa kuwateremsha watu, zinabaki kumi na nane, na hizo kumi na nane ndizo alizojipa. Safari moja, kifungu kimoja. Alikisoma mara mbili akiwa amesimama, akakifunga kitabu, akapanda ngazi hadi kwenye mgahawa wa juu, alikokuwa Målfrid.

Målfrid alikaanga svele, zile chapati nene za maziwa ambazo bila hizo watu wa pwani ile hawaoni kama wamevuka. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, hakumaliza shule, na hakuwa na subira na maneno makubwa. Ndiyo maana Sigrunn alimchagua. Kifungu asichokielewa Målfrid kilihesabiwa hakijasomwa.

"Haya, leta," Målfrid alisema siku moja, mwiko mkononi. "Fupi. Nina foleni."

"Ukikitumia kitu kama chako miaka ishirini mfululizo, kinaweza kuwa chako kweli."

"Basi ile benchi ya pembeni ni yangu! Nimeikalia miaka ishirini na miwili."

"Ulikuwa unaamini ni yako?"

"Niamini vipi? Nembo ya kampuni imechongwa pale pale, inanichoma mgongo kila siku."

"Basi huipati. Sheria inataka nia njema. Uwe unaamini kwa dhati kwamba ni mali yako."

Målfrid akageuza svele. "Kwa hiyo mjinga anapata, mwenye akili anakosa?"

"Mjinga mwaminifu. Na aliyejitahidi kuuliza."

"Mh. Sheria yenu inawahurumia wajinga, na sisi wengine tufe na benchi zetu. Haya, nimekuelewa. Andika."

Na Sigrunn akaandika. Hapa inabidi niseme jambo kuhusu watu wa vivuko: kila kitu kwao kina saa ya kuondoka. Choo kimesafishwa 11.45. Mtoto wa nahodha amezaliwa 7.30, maana habari iliwafikia wakiwa kwenye safari hiyo. Ni mazoea ya mkono, hawayaoni tena. Målfrid alipoelewa kifungu, Sigrunn aliandika pembeni mwake, kwa penseli, saa ya safari ile. Kile cha benchi kilipata 14.15. Mwaka ulipokwisha, kitabu kizima kilikuwa na vijisaa kuanzia jalada hadi jalada.

Kitabu hicho cha sheria kinaruhusiwa mtihanini. Unaweza kupigia mistari, unaweza kuandika pembeni namba za vifungu vinavyohusiana, lakini neno hata moja, hapana. Sigrunn aliijua kanuni hiyo vizuri, na neno hakuandika. Vile vijisaa hakuvifikiria kabisa. Macho yake yalikuwa yameshavizoea.

Siku ya mtihani Oddgeir alimfungia mikate minne yenye jibini la kahawia, akatenganisha kila mmoja kwa karatasi, akamwambia, "Ukifika kwenye wa tatu, uwe umevuka nusu." Kwa Oddgeir hiyo ilikuwa hotuba.

Ukumbi ulikuwa wa michezo, na wasimamizi, kama kawaida, wastaafu wa viatu laini wasiotaka kumsumbua mtu. Aliyepita safu yake kukagua vitabu alikuwa mzee aitwaye Gjert. Alifungua chekundu cha Sigrunn, akafunua, akafunua tena, akakunja uso. Msimamizi mkuu, mwanamke wa ofisi ya mitihani, alimwona, akaja.

"Hizi ni nini?" akanong'ona. "7.30. 9.15. Hakuna kifungu chenye namba hiyo hapa."

"Ni saa," Sigrunn akasema. "Saa za kivuko."

"Saa za kivuko. Ndani ya sheria ya mali."

"Ndipo ninaposomea."

Mwanamke yule hakuwa mkatili, ila kanuni ilikuwa mkononi mwake. "Inaweza kuwa namna ya kuandikiana siri. Sisemi ndivyo. Lazima mwalimu wa somo aamue."

"Na mimi je?"

"Anza kuandika. Bila kitabu."

Wakaondoka nacho. Sigrunn alikaa dakika tano bila kuandika hata namba yake ya mtihani. Miaka saba. Mchoro ule. Mikate minne kwenye karatasi. Kuzunguka ukumbi mzima watu walifunua vitabu vyao, na sauti ya kurasa ilimkata maini. Akasoma swali. Mwanamume mmoja amepita na toroli la boti kwenye ardhi ya jirani miaka thelathini, sasa jirani amejenga ua; je, ana haki?

Akafumba macho akautafuta ukurasa. Haukuja. Basi akamtafuta Målfrid.

Målfrid alikuja mara moja, na mwiko wake na harufu ya siagi. Ilikuwa safari ya 14.15, chini kuna lori la samaki linalovuja maji, na benchi ina nembo ya kampuni. Mjinga mwaminifu, aliyejitahidi kuuliza. Sigrunn alishika kalamu akaandika kama anamweleza Målfrid: kwa ufupi, maana kuna foleni. Alipomaliza hicho akaita safari ya 9.15, nayo ikaja na mvua yake na kifungu chake. Ikaja ya 11.45. Zikaja zote, moja baada ya nyingine, kila moja na watu wake, na hakuna msimamizi ambaye angeweza kumnyang'anya hizo. Alipokumbuka kula alikuwa ameshavuka nusu ya maswali, akaanza na mkate wa tatu.

Saa moja na nusu ilikuwa imepita mzee Gjert aliporudi akakiweka kitabu mezani taratibu. Mikono ya sweta yake ilikuwa imejaa vumbi la raba.

"Mwalimu amesema vifutwe ndipo urudishiwe," akanong'ona. "Nimefuta vyote, mama. Mia mbili na kumi na saba. Niwie radhi."

"Aliniamini?"

"Mwanzoni hapana. Mimi nimezaliwa Skarvøy. Nimepanda kile cha 7.30 miaka thelathini na moja. Ikabidi nimtajie ratiba nzima, ya majira ya baridi na ya kiangazi, mpaka akaniomba ninyamaze." Akataka kuondoka, akarudi. "Na siku za Jumapili pia."

Majibu yalikuja wiki tatu baadaye, kivuko kikipakia. Simu ilitikisika mfukoni mwa koti la njano, na Sigrunn, ambaye mikono yake ilikuwa ikiita basi la watalii, hakuigusa mpaka lango lilipofungwa. Ilikuwa C. Amefaulu. Alikaa juu ya kamba za kufungia kivuko, akacheka na kulia kwa pamoja, akapiga nyumbani.

"C ni nzuri?" Tyra akauliza.

"Leo hakuna iliyo nzuri zaidi."

Oddgeir akachukua simu. "Kilete kitabu," akasema. "Leo kilale nyumbani."

Alipanda ngazi nacho kwapani. Målfrid alimtazama mara moja tu usoni, akazima jiko, jambo ambalo abiria wenye njaa hawajalisahau, akamkumbatia mpaka koti la njano likapata alama za unga. Kisha akakivuta kile kitabu, akakifunua pale kwenye meza ya mauzo.

"Mimi niko wapi humu?"

"Walikufuta," Sigrunn akasema, na hapo ndipo alipoona jinsi jambo hilo lilivyokuwa likimuuma. "Mara mia mbili na kumi na saba. Ilikuwa lazima. Nisamehe."

Målfrid alilamba kidole, akafunua taratibu mpaka akafika kwenye kile cha benchi, akachukua ile kalamu ya wino aliyoandikia bei za svele, na pembeni mwa kifungu akaandika 14.15 kwa tarakimu kubwa, akikandamiza.

"Kitabu hiki hakiendi tena mtihanini?"

"Hakiendi."

"Basi hapa ni pangu," akasema. "Nia njema ninayo."

Bandari ilikuwa imekaribia. Sigrunn akavaa glavu, akashuka kufungua lango.