Mshale wa Joto

Greda letu lilikuwa na ugomvi na mtu mmoja tu, shemeji yangu. Ndivyo walivyosema pale karakana ya barabara, na mimi niliyekuwa fundi umeme wao nilipandwa na hasira kila nilipowasikia, maana chuma hakimchukii mtu. Lakini akiliendesha opereta mwingine, greda lilichonga barabara kutwa nzima bila neno. Akipanda shemeji, haikuchukua muda, mshale wa geji ya joto ukapanda mpaka kwenye nyekundu. Alizima injini akasubiri ipoe. Nilipofika na testa yangu, mshale ulikuwa umeshuka, na mashine imetulia haina kosa.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita. Shemeji huyo, mume wa dada yangu mkubwa, ndiye aliyechonga njia za magari ya jeshi kuelekea Mutukula, na aliporudi Bukoba watu wa Miembeni walimshangilia barabarani. Sasa alikuwa amekonda, suruali yake inashikiliwa na kamba. Ugonjwa ule wa kukondesha ulikwishaingia vibanja vingi, yale makazi yetu ya migombani, ila watu walikwepa kuutaja. Mchana tulikuwa na desturi ya kula ndizi na maharage kwenye jani moja la mgomba, sote tumelizunguka. Siku hizo wenzetu walianza kumkatia jani lake na kuliweka kando. Hakulalamika. Mimi nilihamia kwenye jani lake nikala kwa ghadhabu, mpaka akaniambia, "Tafuna polepole, waitu, ndugu yangu. Maharage hayajakukosea."

Kamba hukatikia pabovu. Msimamizi wetu, mtu mpole asiyependa maneno, aliniita akasema watu wanadai shemeji anasingizia joto ili apumzike. Kama sitapata kosa kwenye mashine, Jumatatu greda litapewa yule mwingine, na shemeji arudi nyumbani. Nilijua maana ya kurudi nyumbani. Dada yangu naye alikuwa ameanza kukohoa, na watoto walikuwa bado wanasoma. Tena nilimjua shemeji: bila greda, angejilaza asiamke.

Nikaanza upya. Maji kwenye rejeta yalikuwa ya kutosha, mkanda wa feni umekaza. Nikafungua kile kidude kilichochomekwa kwenye injini kupima joto la maji, nikakipeleka jikoni na kukitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka, huku nikipima umeme wake. Mpishi alinitukana kwa Kihaya na kwa Kiswahili, akauliza kama chakula cha leo ni misumari. Kidude kilikuwa kizima. Hata hivyo nilikibadilisha, nikafunga kingine kutoka kwenye tingatinga bovu. Kesho yake mshale ukapanda tena, shemeji akiwa juu.

Ijumaa nilikataa kubaki karakana. Nilipanda naye greda kwenda Kanazi, nimesimama kwenye ngazi ya mlangoni, nimeng'ang'ania chuma, macho yangu kwenye geji. Tulipoanza kuchonga, shemeji alijiweka kitini, na mshale ukaruka. Haukupanda taratibu kama joto linavyopanda, uliruka.

"Usizime!" nikapiga kelele.

"Itaungua!"

"Iungue, nitailipa mimi!"

Nilishuka nikashika rejeta kwa kiganja. Ilikuwa na joto la kawaida tu. Basi injini haikuwa na homa. Umeme ndio uliokuwa ukidanganya, waya unapiga shoti mahali. Nikamwomba anipishe nitazame ndani. Aliponyanyuka kitini, mshale ukaanguka.

"Kaa tena," nikamwambia.

Akakaa. Mshale ukapanda.

Nikang'oa kiti. Chini yake springi moja ilikuwa imekatika, na ncha yake ilikuwa imechubua waya uliotoka kwenye kile kidude kwenda kwenye geji. Mtu akikaa, springi inagusa waya na bodi la chuma, na mshale unaona moto usiokuwepo. Ndipo nilipoelewa mengine, na furaha yote ikaniishia. Maopereta wetu wa greda huchonga wakiwa wamesimama, ili waone ncha ya jembe inavyokula udongo. Yule mwingine husimama kutwa. Shemeji naye, kabla ya kukonda, alikuwa akisimama toka asubuhi mpaka jioni, akiimba. Sasa alikuwa anakaa.

Nilikata springi, nikavisha waya kipande cha mpira wa tyubu, nikafunga. Jioni msimamizi aliniuliza kwa nini kosa halikumtokea opereta mwingine. Nikamwambia waya uliochubuka hauna ratiba, leo unagusa, kesho haugusi. Sikutaja kiti. Alinitazama kidogo, kisha akasema Jumatatu shemeji aendelee na barabara ya Muleba.

Nilimpelekea habari nyumbani kwake. Alikuwa ameketi kibanjani, dada akimenya ndizi karibu naye. Alicheka, akanishika mkono muda mrefu. Nami kwa ile hasira yangu ya kipumbavu nikamgombeza, "Shemeji, opereta mzima kama wewe! Hukuona kwamba ukisimama mshale unashuka?"

"Niliona," akasema. "Niliona mapema sana."

"Mbona hukuniambia?"

Alimtazama dada, kisha akashusha sauti.

"Ningekwambia, ungeniuliza kwa nini nisisimame tu. Kila asubuhi nilidhani siku hiyo nitaweza."

Dada aliacha kumenya. Nililia pale pale, mbele yao, na hakuna aliyeninyamazisha. Jumatatu nilifika karakana mapema kuliko wote, nikafunga mto mnene juu ya kile kiti.