Msaga unga wa Mbumbuni asiyesikia tena mlio wa wimbo wake

Saa mbili na nusu asubuhi, siku ya soko Mbumbuni, kisiagi kinanguruma na Musyimi Nyamai amekipa mgongo, anafunga gunia. Mahindi yamekwisha mdomoni mwa mashine. Mlio umepanda, umekuwa mwembamba. Musyimi hageuki.

"We Musyimi," anamwita Kanini, mkulima aliyeleta gorogoro sita za mahindi, makopo ya kilo mbili mbili. "Unasaga upepo. Na huo utaniuzia?"

"Pole, mwaitu," anamjibu, yaani mama kwa Kikamba, na kuzima mashine. Foleni inacheka naye anacheka.

Kwa miaka kumi na moja Musyimi, 36, amefanya kazi hii kwa masikio, kwa malipo ya shilingi 600 kwa siku. Mlio mzito humwambia mahindi hayajakauka. Ukipanda, yamekwisha. Msumari ukiingia, alikuwa akiujua kabla haujatoboa chekeche, ule wavu wa chuma unaochuja unga.

Masikio hayo hayo ndiyo yaliyomtia kwenye muziki. Yeye na Yvonne Mutindi, fundi wa simu wa Malili anayepiga gitaa, hufanya roki ya viwandani: gitaa kali juu ya milio ya mashine. Jumapili Musyimi hupiga kinanda kanisani.

"Pasta anajua," anasema. "Aliniambia tu hiyo ingine nisiilete madhabahuni."

Wimbo wao wa kwanza, "Chekeche", waliurekodi Februari kwa simu, ndani ya kisiagi. Mngurumo wa injini ndio ngoma. Kwenye kiitikio unaingia mkwaruzo wa chuma, mwembamba na mkali.

Mei, Musyimi aliona mkwaruzo ule umefifia. Akatengeneza toleo la pili na kuuongeza sauti. Agosti ulikuwa umefifia tena. Akalaumu spika za masikioni, akanunua nyingine, akatengeneza toleo la tatu.

Yvonne alilicheza dukani kwake. Mteja aliyekuwa akingoja simu alitoka nje na kungojea huko.

"Nikamwambia, bro, hii inatoboa meno," anasema Yvonne. "Akaniuliza, gani? Nikadhani ananichezea. Nikamwekea zote tatu. Ile kali kushinda zote, yeye anasema hiyo angalau inasikika kidogo."

"Wimbo haukuwa na shida," anasema Musyimi. "Shida ilikuwa mimi."

Septemba alipimwa mjini Wote. Masikio yote mawili yamepoteza milio ya juu, la kushoto zaidi, kwa kuwa ndilo linaloelekea injini. Kisiagi hutoa kelele ya desibeli 98, naye hukaa kando yake saa tisa kwa siku. Mtaalamu alimweleza kwamba kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitakwenda asipoziba masikio.

Kuziba ndiko kunakomtisha.

"Nikiziba, msumari ukiingia nitajuaje? Chuma kiende kwa uji ya mtoto wa mtu, halafu niseme sikusikia?"

Si hofu ya bure. Wiki mbili zilizopita, akisafisha mashine asubuhi, alikuta chekeche lina tundu la ukubwa wa punje ya pojo, na kipande cha msumari chini yake. Kiliingia jana yake, masikio yakiwa wazi, naye hakusikia chochote. Alifunga mlango, akazunguka nyumba nne za waliosagiwa jana yake, kuchekecha unga upya kwa mkono wake. Katika nyumba ya tatu alipata kipande cha pili.

Siku hiyo alikwenda kwa mwenye mashine na kumweleza yote, akijua angeweza kufutwa. Hakufutwa. Walikubaliana kufunga sumaku mdomoni mwa kisiagi, inase chuma kabla hakijaingia. Itafungwa Jumatatu, na kuanzia siku hiyo Musyimi atasaga masikio yakiwa yamezibwa.

"Nataka yaliyobaki yanifikishe uzeeni," anasema. "Na nitengeneze wimbo wa pili. Milio mizito bado ninayo."

Kabla ya hapo, kipindi kimoja cha redio Nairobi kilitaka toleo moja la "Chekeche" kufikia Ijumaa. Alhamisi alasiri alikaa dukani kwa Yvonne na kusikiliza lile la kwanza, alilolitengeneza akiwa bado anasikia vizuri zaidi. Kiitikio kilifika. Alisikia gitaa na injini, basi.

"Mkwaruzo upo?" aliuliza.

"Upo."

"Mahali pake?"

"Mahali pake kabisa."

"Basi tuma hiyo."

Yvonne akalituma.