Nilivyolamba Fuwele ya Mama Mkwe

Mkasa huu naona aibu kuusimulia, ila kwa kuwa nusu ya Waswahili wa Liverpool yetu hii (si ile ya mpira) tayari wanausimulia kwa kuutia chumvi, bora muusikie kwangu mimi mhusika.

Siku hiyo tulipeleka posa kwa kina Riziki, mimi na mshenga wangu Daudi, dereva wa lori pale bandari ya Port Botany, na njia nzima Daudi alinisihi, "Wewe kazi yako kukaa na kutabasamu, kuongea niachie mimi." Nikaitikia vizuri tu. Sasa si tukaingia sebuleni nikakuta kabati la kioo limejaa fuwele, za zambarau, za kijani, nyingine nyeupe kama sukari ya mawe! Mama yake Riziki (Mkongo wa Lubumbashi, mjane, akikohoa tu nyumba nzima inanyooka) ndiye mkusanyaji. Nami mtoto wa Arusha, baba yangu mdogo dalali wa madini, jamani ningenyamazaje?

Nikaomba kushika moja ya bluu iliyokolea, kubwa kama yai la bata. Daudi akanikanyaga mguu. Nikaigeuza kwenye mwanga, nikatangaza kitaalamu, "Mama, hii imekaa chini ya ardhi mamilioni ya miaka." Kisha nikafanya wafanyavyo madalali wa kwetu jiwe likiwa na ukungu: nikailamba, mate yaisafishe rangi ya ndani ionekane. Nikalamba kwa kujiamini, upande mzima.

"Weye!" Mama akaruka. "Iko sumu ile! Ni sulfate! Nimeikuza mwenyewe jikoni, tangu Pasaka!"

Kumbe aliyeyusha unga wa hiyo sulfate kwenye maji ya moto, akaning'iniza kipunje kwa uzi ndani ya chupa, maji yakapungua polepole bila kutikiswa, nacho kikajijenga pembe kwa pembe. Mrututu, ndugu zangu! Dawa ile ile ya bluu wanayopulizia mibuni kwetu, nimeiona tangu utotoni! Mdomo ukajaa ladha ya sarafu, Riziki anapiga simu ya huduma ya sumu huku ananiuliza, "Babe, seriously, umelamba?" Wakasema nisukutue, ninywe maji kidogo kidogo, nisiachwe peke yangu.

Nikatapika kwenye beseni, na suti yangu na tai, mbele ya mama niliyekuja kumwomba binti. Aibu ilinichoma hadi masikio, nikajua posa ndiyo imekufa hivyo. Daudi anaomba radhi kwa niaba ya ukoo wangu wote. Mama akaiokota fuwele yake, akaitazama pale ulimi ulipofifisha mng'ao, akaguna, kisha akamgeukia binti yake.

"Riziki, letea bwana yako mayi ingine."

Maji, tena kwa bwana yako! Nilikubaliwa nikiwa nimeinamia beseni. Mawe bado nayajua, hilo sibishani na mtu, ila nimeapa: jiwe la mwenzangu nitalitazama kwa macho tu, na ulimi nitauachia pilau.