Redio Iliyokatwa Waya

Sixbert hakufunga kwenye gari redio iliyokatwa waya. Kazi yake ilikuwa kufunga redio za magari pale Mfaranyaki, Songea, kwenye kibaraza cha duka la shemeji yake Fidelisi, na kila mteja aliyefika na redio mkononi aliambiwa kwanza aigeuze. Nyuma ya redio kuna waya, na waya hizo huishia kwenye soketi. Mtu anayeuza redio yake mwenyewe huchomoa soketi taratibu na kuiacha nzima. Mwizi hana nafasi hiyo. Hutia koleo akakata, na redio hubaki na vishina vya waya vilivyochomoza. Sixbert akiona vishina hivyo alimrudishia mtu redio yake na kusema, "Hii peleka kwingine." Hakueleza zaidi.

Miaka ile kanuni kama hiyo ilichekesha watu. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na vitu ambavyo tuliwahi kuvipangia foleni vikawa vinaning'inia mlangoni mwa kila duka. Tulikuwa tumechoka kunyimwa, na naamini uchovu huo ndio uliotufundisha kutouliza. Mtu aliuliza bei akanunua. Kuuliza kitu kimetoka wapi kulionekana ushamba.

Jambo moja Sixbert alilitamani kuliko yote: kufunga redio ya CD. Siku moja gari la wageni waliokuwa wakielekea kwa watawa wa Hanga lilisimama pale kibarazani, fyuzi ikiwa imeungua. Alipokuwa ameinama chini ya dashibodi aliona kisahani kinachong'aa kikiingizwa kwenye mdomo wa redio, na redio ikakivuta yenyewe, pole pole, bila mtu kukisukuma. Tangu hapo alikisimulia kisahani kile kwa kila aliyekaa naye. Mjini tulikuwa bado na kaseti, na kaseti kwa barabara zetu za vumbi zilikuwa zinatafunwa kila wiki. Sixbert alijua kwamba redio ya CD ya kwanza itakayoletwa Songea, fundi atakayeifunga ndiye atakayepelekewa nyingine zote.

Ya kwanza ililetwa na Fidelisi.

Fidelisi alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku, mwenye nyumba nzuri Msamala na pikapu nyeupe. Alirudi kutoka Dar es Salaam siku ya Jumamosi, akaegesha mbele ya kibaraza na kushuka akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kanga kama mtoto mchanga.

"Mlamu!" aliita. "Acha hizo takataka zako. Nimekuletea kazi ya watu wenye akili, ingawa sijui nani atakuazima akili hizo."

Kwetu shemeji wa kiume huitwa mlamu, na walamu wana ruhusa ya kutaniana. Mlamu anaweza kumwita mwenzake mvivu, mlafi au mchawi mbele ya watu, na wote wakacheka, yeye pia. Ndiyo maana jambo zito kati yao halisemwi uso kwa uso, kwani litachukuliwa ni utani. Hupitishwa kwa mwanamke aliyewaunganisha.

"Weka hapa," Sixbert alijibu, "na unawe mikono kwanza. Kitu cha watu hakishikwi na mikono ya kuibia wakulima kwenye mizani."

Watu walicheka. Fidelisi alifungua kanga, na Sixbert akaipokea redio kwa mikono miwili. Redio ilikuwa nyeusi, nyembamba, na mdomo wake haukuzidi upana wa ukucha. Aliifuta kwa shati lake safi, upande wa ndani. Kisha akaigeuza.

Nilikuwa nimesimama karibu, nikaviona vishina vya waya nami. Vilikuwa vimekatwa kimoja kirefu kimoja kifupi, kama nyasi zilizopigwa kwa panga. Sixbert alivitazama muda mrefu.

"Tuisikie basi!" Fidelisi alisema. "Au unaogopa itakuuma?"

Sixbert aliichukua betri ya kupimia. Waya mweusi aliupeleka kwenye hasi. Wa njano, unaokunywa moto wa betri muda wote ili redio ikumbuke mambo yake, na mwekundu, ambao kwenye gari hufuata ufunguo, alizipeleka pamoja kwenye chanya. Akaunganisha spika moja. Kioo cha redio kiliwaka rangi ya kijani, na Fidelisi akatoa kisahani mfukoni, amekishika kwa ncha za vidole kama padre anavyoshika hostia. Redio ikakivuta.

Kwanza palikuwa na kimya. Tulizoea kaseti, ambayo hukwaruza kabla ya kuimba, na kimya kile kilitufanya tudhani imeshindwa. Kisha tukasikia mwanamke akivuta pumzi. Hajaimba bado, anavuta pumzi tu, kama amesimama katikati yetu.

"Kuna mtu humo!" Mama Kunegunda, muuza dagaa, alisema na kurudi nyuma. "Anapumua!"

Hakuna aliyemcheka. Mwanamke yule akaimba, na gitaa likaingia, na tukasikia kidole kikiteleza kwenye uzi. Watu waliacha baiskeli zao barabarani. Mzee mmoja alivua kofia. Mimi ni mtu wa kanisani, na muziki wa dansi siupendi, lakini nasema kweli kwamba nywele zilinisimama. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu aliye mbali namna ile anaweza kuletwa karibu mpaka pumzi yake.

Sixbert alibonyeza kitufe, wimbo ukaruka ukaanza mwingine mara moja. Akabonyeza tena, ukarudi mwanzoni. Na midomo yake ilikuwa wazi kama ya sisi wengine. Ndipo akazima, akakitoa kisahani, na kuanza kufungua waya kutoka kwenye betri.

"Haya, ingia kwenye gari ufunge," Fidelisi alisema.

"Sifungi, mlamu. Imekatwa waya."

Kibaraza kizima kiliangua kicheko. Fidelisi alicheka kuliko wote, akampiga begani.

"Mnamsikia? Kibarua anachagua kazi!"

"Nasema kweli. Sifungi. Kuna mtu analia kwa ajili ya hii."

"Atalia mkeo ukikosa unga! Jamani, mlamu wangu huyu, tangu amuoe dada yangu amekuwa askofu!"

Kadiri Sixbert alivyokataa ndivyo walivyozidi kucheka. Niliona uso wake, nikaona kwamba lango lilikuwa bado wazi. Angeweza kucheka nao, akaingia chini ya dashibodi, na asingekuwepo mtu wa kumlaumu. Angekuwa fundi wa kwanza wa CD Songea.

Aliweka koleo chini. Akamgeukia mke wake Benigna, aliyekuwa akichoma maandazi mwisho wa kibaraza.

"Mama," alisema kwa sauti ya kawaida, "mwambie kaka yako kwamba redio hii sitaifunga."

Kicheko kilikatika. Benigna alisimama na mwiko mkononi. Alimtazama mume wake, kisha kaka yake, na nilidhani atamsihi mmoja wao. Alifuta mikono kwenye kanga.

"Kaka," alisema, "mume wangu anasema hataifunga."

"Mimi niliinunua," Fidelisi alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Sikuiba. Nililipa mchana, sokoni, mbele ya watu."

"Nimesikia, kaka."

"Basi mwambie meza yake iondoke kwenye kibaraza changu."

Benigna aligeuka akayasema maneno hayo kwa mume wake neno kwa neno, kama alivyotakiwa, machozi yakimtoka. Sixbert alianza kukusanya bisibisi zake.

Nimesoma chuoni, na nimesikia mahubiri mengi juu ya uaminifu, lakini sijaona jambo lililonitisha kama kumwona mtu akitamani kitu kwa moyo wake wote, akikigusa, akikisikia kikipumua, halafu akakiacha kwa sababu ya mtu asiyemjua na ambaye hatamshukuru kamwe.

Redio ilifungwa na Dastan, fundi wa stendi, jioni ile ile, naye akaitwa Fundi CD. Sixbert alihamishia meza yake nyuma ya nyumba, mahali gari lisipofika, akawa anatengeneza redio za mbao na tochi mpaka alipoacha na kwenda kulima tumbaku Namtumbo. Kanuni ile ilimgharimu kazi aliyoipenda. Benigna ilimgharimu kaka yake: Fidelisi hakuzungumza naye tena, na siku Fidelisi alipozikwa, Benigna alikaa nje ya uzio wa nyumba ya kaka yake.